Sura ya Sita: Faili la Wiki Hii

Kufikia Alhamisi asubuhi, kila mtu katika kituo cha simu za dharura alikuwa ameshamjua mwenye makosa, isipokuwa Inspekta. Hilo lilimuudhi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye goti bovu na subira fupi, na kazi ilikuwa imemfundisha kuziogopa kesi ambazo watu wote wanakubaliana kuzihusu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, mke wa seremala mmoja alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Mumewe alikuwa ameshika kifua, jasho linamtoka. Akaambiwa gari linakuja. Halikuja. Seremala alikata roho saa kumi kasorobo, sakafuni, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe. Muda wote huo dereva wa zamu alikuwa uwanjani na gari lake, anafuta vioo, kwa sababu kwenye skrini yake hakukuwa na agizo lolote. Kwenye mfumo pia hakukuwa na agizo. Na rekodi ya simu, ambayo ingesema nani alimwambia nani nini, ilifutwa jioni hiyohiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi na moja, kutoka kwenye kompyuta ya meza ya tano.

Meza ya tano ilikuwa ya binti aliyeipokea simu hiyo. Sasa alikuwa mahabusu, siku ya pili, na saa nane mchana jalada lake lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka.

Inspekta alimpitia kabla ya kwenda kituoni kwao. Mama mzazi wa binti alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, na mfuko wa nguo safi ambao hakuna askari aliyetaka kuupokea. Inspekta aliuchukua, akauingiza ndani mwenyewe.

"Ulifuta rekodi?"

"Sijui hata inafutwaje, mama. Mimi najua kupokea simu na kutuma gari. Basi."

"Ulituma?"

"Nilituma. Nilibonyeza, ikageuka kijani. Ikigeuka kijani imekwenda, ndivyo tulivyofundishwa."

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Kituo cha basi. Zamu inaisha kumi na mbili kamili, na mimi sikai hata dakika moja ya ziada. Waulize, wananitania kwa hilo."

"Nani alikuona huko?"

Binti alifikiri, akakata tamaa. "Hakuna anayenijua pale."

"Paswedi ya akaunti ya zamu unaijua?"

"Hata mfagizi anaijua. Imebandikwa ukutani."

Inspekta alifunga daftari. Alipofika mlangoni, binti akamwita.

"Yule mama alisema jirani ana gari. Aliniuliza kama wapande hilo. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri, letu liko njiani."

Akaanza kulia. Inspekta alisimama pale akimngoja amalize.

Paswedi ilikuwa ukutani kweli, kwa herufi kubwa, ndani ya plastiki, juu ya birika la chai.

"Ni kwa ajili ya urahisi," alisema meneja wa kituo.

"Naona. Mwizi naye asipate shida."

Meneja hakucheka. Alikuwa mtu wa tai na haraka, anayeangalia saa hata anapojibu salamu. Aliwapitisha Inspekta na msaidizi wake katikati ya ukumbi, ambako wapokea simu wanne walikaa kwenye meza zilizopangwa mstari mmoja, ya tano ikiwa tupu, visikizio masikioni, wakijitia hawaoni polisi.

"Mfumo hauna tatizo, Inspekta. Tazama mwenyewe, maagizo yanakwenda, madereva wanatoka. Tangu Jumanne jioni tumetuma magari thelathini na moja. Mfumo ufanye kazi kwa wote, umgomee binti mmoja, simu moja? Mimi si mtoto. Alisinzia kazini, na alipojua mtu amekufa akafuta rekodi."

"Na wewe ulikuwa wapi saa hiyo ya kufuta?"

"Mimi?" Tai ilipanda na kushuka. "Kwenye kikao. Na watu kumi na mmoja."

"Nitahitaji majina yao."

Mwishoni mwa korido, mlangoni mwa chumba cha seva, alikuwa amesimama fundi mkuu wa mitambo na funguo mkononi. Jina lake la kazini lilikuwa Mzee Waya, na lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata kwenye orodha ya zamu waliandika hivyo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Shati lake lilikuwa safi, lakini limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni. Humu kuna baridi, mwenye koti alivae."

Chumba kilikuwa na ukubwa wa stoo, na mashine moja nyeusi iliyonguruma bila kupumzika. Msaidizi wa Inspekta, Koplo mwembamba aliyefundisha kompyuta miaka sita kabla ya kuvaa sare, alivuta kiti na kuiamsha skrini.

"Inaendeshwa na Linux," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Hii programu ya kurekodi simu ina muda gani bila kuzimwa, mzee?"

"Siku mia nne na kumi na mbili," alijibu Mzee Waya, bila kuangalia popote.

Koplo alihakikisha, akapiga mluzi. "Hongera."

"Hongera ya nini?" Meneja aliingilia. "Tangu juzi inasuasua. Nimemwambia aizime na kuiwasha, kitu cha dakika mbili, hataki. Leo saa sita naizima mwenyewe."

"Bosi, nimekuomba. Mpaka Jumatatu."

"Kila siku Jumatatu!"

"Haizimwi," alisema Inspekta. "Si saa sita wala Jumatatu. Hiyo ni ushahidi."

Mzee Waya alimtazama kwa shukrani iliyo wazi kabisa. Inspekta alijisemea kwamba angalau mtu mmoja humu ndani yuko upande wa polisi, na macho yake yakahamia kwa meneja. Mtu anayetaka kuzima mashine yenye ushahidi, na anayo paswedi, na ana cheo cha kulinda: huyo alistahili maswali zaidi ya kikao. Alikuwa ameshaliandika jina lake daftarini, Koplo alipomwita.

"Kuna jambo, Afande. Hapa nimeandika df. Hii inaniambia diski imejaa kiasi gani kwa jumla. Inasema asilimia tisini na nane: giga mia nne na tisini kati ya mia tano. Sasa hii nyingine, du, inapita folda moja baada ya nyingine na kupima kila faili. Jumla yake ni mia nne na hamsini."

"Giga arobaini zimepotea."

"Zipo. Df ni kama mwenye nyumba anayehesabu vyumba vilivyofungwa. Du ni mtu anayepita anasoma majina milangoni. Kuna chumba kimefungwa, ila mlangoni hakuna jina."

"Yumo nani?"

"Faili lililofutwa huku programu bado imelishika. Kwenye Linux ukifuta faili unaondoa jina lake tu. Kama kuna programu imelifungua, lenyewe linabaki palepale kwenye diski, na nafasi yake hairudi mpaka programu iliachie." Aliandika amri ya tatu, akaigeuza skrini. Ulitokea mstari mmoja: programu ya kurekodi, faili la wiki hii, giga arobaini, na mwishoni neno la kusema kwamba limefutwa.

"Kwa hiyo simu ya mke wa seremala..."

"Imo humu. Programu hii inafungua faili moja kila Jumatatu, inalitengea nafasi ya wiki nzima papo hapo, na kulifunga Jumapili. Leo Alhamisi. Bado imelishika."

"Na kama mtu angeizima na kuiwasha?"

"Lingekwenda jumla. Hata mimi nisingelipata."

Meneja alilegeza tai. "Na mimi nilitaka saa sita..." alisema. Jasho lilimtoka katika chumba ambamo wenzake walitaka makoti. Inspekta alimtazama vizuri, akalifuta jina lake daftarini. Uso wa mtu aliyenusurika kwa bahati haufanani na uso wa mtu aliyekamatwa.

Ndipo akamtazama Mzee Waya. Koplo alikuwa anameremeta na meneja ametoa macho. Fundi mkuu wa mashine hiyo peke yake ndiye hakushangaa.

Koplo alitoa diski yake ndogo ya kunakilia, akazunguka nyuma ya mashine, akarudi nayo mkononi. "Matundu yote ya kuchomekea yamezibwa."

"Kwa gundi," alisema Mzee Waya. "Niliyaziba mimi. Sauti za wagonjwa hazitoki humu. Ni sheria, tena ni haki yao. Tumia waya wa mtandao, uunganishe na kompyuta yako." Alikwenda kabatini, akauleta mwenyewe, akauchomeka.

Kunakili kulichukua dakika hamsini. Inspekta aliweka kiti chake mbele ya swichi, akakaa na goti lake limenyooshwa, asipite mtu. Namba zilipofika mwisho na Koplo akaanza kuitafuta saa tisa na dakika kumi ya Jumanne, Mzee Waya akasema anakwenda kutazama jenereta. Inspekta alimwachia. Getini alikuwa ameweka askari.

Sauti ya mwanamke ilijaa chumbani.

"Ameshika kifua, hawezi kuongea, mume wangu, tafadhali..."

"Nipo na wewe, mama. Mnakaa wapi?" Ilikuwa sauti ya binti wa meza ya tano, tulivu, na chini yake vidole vikigonga vibonyezo. "Mlegeze kola. Mwegemeze, asilale chali. Gari limeshatoka."

"Jirani ana gari hapa. Tumpakie?"

"Usimnyanyue, mama. Letu lina oksijeni na lina mganga. Liko njiani. Nisubiri."

"Haya, mwanangu. Nasubiri."

Simu ilikatwa. Kisha binti akasikika akimuuliza mwenzake wa meza ya pili: "Mbona leo imezunguka sana hii?" Mwenzake akauliza kama imekuwa kijani. "Imekuwa." Basi imekwenda, akaambiwa.

Meneja alikaa juu ya boksi la karatasi. "Alituma," alisema. "Jamani, alituma."

"Alituma," alisema Inspekta. "Nami nataka kujua agizo lake liliishia wapi."

Koplo alifungua orodha ya maagizo ya Jumanne na kuteremka nayo polepole. "Agizo la mwisho liliandikwa saa tisa kasoro dakika nne. Linalofuata ni saa tisa na dakika kumi na nane. Katikati hakuna kitu, dakika ishirini na mbili. Ukiangalia orodha peke yake huoni ubaya, alasiri huwa kumepoa. Lakini kwenye rekodi, ndani ya dakika hizohizo, kuna watu wawili waliomba gari. Mmoja alichoka kusubiri, akapiga tena baadaye, akapata."

"Na wa pili ni mke wa seremala."

"Ndiyo. Skrini hugeuka kijani agizo linapoondoka mezani. Haisubiri kuona kama limeandikwa huku. Diski ikijaa pomoni, hakuna pa kuliandika. Linapotea, na hakuna anayeambiwa. Rekodi yenyewe ilipona kwa sababu nafasi yake ilitengwa tangu Jumatatu."

"Saa tisa na dakika kumi na nane nafasi ilitoka wapi?"

"Kuna mtu alifuta makorokoro. Mafaili ya zamani ya kusakinishia, giga kumi hivi. Maagizo yakaanza kupita tena."

Inspekta aliandika, akapiga mstari chini yake. Mtu huyo alijua kwamba diski ilijaa, akaipunguza, na hakumwambia yeyote. Rekodi ya wiki ndiyo peke yake ingeonyesha kwamba katika dakika zile ishirini na mbili kulikuwa na watu wanaoomba msaada. Binti asingeifuta: ndiyo iliyokuwa inamtetea.

"Ni nini kimeijaza diski?"

Koplo alizipanga folda kwa ukubwa. Aliipitia orodha mara mbili.

"Rekodi za zamani, Afande. Sheria yao ni siku tisini, tangu mwaka jana. Kila Jumapili faili la wiki linabanwa na kugawanywa kwa meza, halafu mfumo unafagia zilizozidi siku hizo. Meza ya kwanza, siku tisini. Ya pili, tisini. Ya nne na ya tano, tisini. Meza ya tatu, zaidi ya miaka mitano. Peke yake inakula zaidi ya nusu ya diski. Na kwenye amri ya kufagia kuna mstari mmoja umeongezwa kwa mkono: meza ya tatu isiguswe."

"Cheza moja."

"Ipi?"

"Yoyote."

Ilikuwa sauti ya msichana, changamfu, yenye kicheko kilichojificha mwishoni mwa maneno. "Kituo cha dharura, niambie, nakusikiliza."

Meneja aliweka kiganja mdomoni. Alipozungumza, haraka yote ilikuwa imemtoka. "Huyo ni binti yake. Wa Mzee Waya. Alikaa meza ya tatu miaka minne. Mwaka jana aliugua, wiki mbili tu, akaenda. Hakuwa na mtoto mwingine. Huyu mliyemfunga, marehemu ndiye aliyemfundisha kazi."

Inspekta alihesabu kwa vidole miezi tangu msichana afe, akarudia: programu haikuzimwa tangu wakati ule. Siku mia nne na kumi na mbili. Akamwambia Koplo aizime hiyo sauti.

Mzee Waya alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, zinazotazama uwanja wa magari. Jenereta lilikuwa limezimwa na hakuwa analitazama. Inspekta alijishusha karibu naye, goti likamuuma, akalisugua.

"Mwanzoni nilidhani unanisaidia," alisema. "Bosi wako anataka kuizima mashine, wewe unamkatalia. Nikasema, aliyefuta faili angetaka izimwe upesi, kwa hiyo si yeye."

Mzee Waya aliendelea kutazama magari.

"Lakini ulisema mpaka Jumatatu. Jumapili faili lingefungwa lenyewe na kupotea, pasipo mtu kugusa swichi. Fundi wa miaka yako alijua tangu mwanzo kwamba halijafutika. Ulikuwa unasubiri siku zipite."

"Nilikuwa nasubiri."

"Ungeweza kuizima programu Jumanne ileile ukamaliza kazi. Kwa nini hukufanya?"

Chini yao dereva alikuwa anakung'uta zulia la gari lake. Walimtazama wote wawili mpaka akamaliza.

"Ikianza upya inafagia," alisema Mzee Waya. "Sheria ilipokuja mwaka jana, yeye ameshakwenda, ule ufagiaji wa Jumapili niliuandika mimi, niliweza kuubadilisha. Huu wa kuanzia uliletwa na toleo jipya, umo ndani ya programu yenyewe unangoja iwashwe upya, siwezi kuugusa. Kila kilichozidi siku tisini, meza zote. Isingeniachia hata neno lake moja."

"Ungezinakili ukaenda nazo nyumbani."

"Zina wagonjwa ndani yake. Watu wanalia mle, mama. Wengine wanakufa mle. Kuzitoa ni wizi, na mimi sijawahi kuiba hata skrubu ya mahali hapa. Nikaona nikiziacha tu zilipo, si kosa. Naingia asubuhi mapema, nasikiliza moja, naanza kazi. Moja tu. Nilikuwa najibana ili zisiishe."

"Na diski inajaa."

"Kila wiki nilikuwa nabanabana. Nafuta hiki, napunguza kile. Jumanne nilikuwa juu ya ngazi nabadilisha taa ya ukumbini, simu yangu ikatoa onyo, sikuisikia. Nilipoiona nilikimbia. Nikafuta nilichoweza. Nikajiambia, dakika chache tu, hapajaharibika kitu." Alitazama upande wa ukumbi. "Saa kumi na mbili nikasikia habari za seremala."

"Ukaenda ukakaa meza ya tano."

"Nilikaa meza iliyokuwa wazi. Sikuangalia ni ya nani. Naapa sikuangalia. Nilijua jana, walipokuja kumchukua. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Alinipita, akaniambia, baba, mpigie mama yangu, mwambie asihangaike." Alizifumba funguo kiganjani. "Na mimi nikanyamaza."

"Ulimpigia mama yake?"

"Hapana."

Inspekta alimwonea huruma na kumkasirikia, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. "Mke wa seremala naye ana siku mbili anajiuliza kwa nini hakupanda gari la jirani," alisema hatimaye. "Mtoto wa watu yuko mahabusu siku ya pili. Wewe ulikuwa na la kumwambia kila mmoja wao."

Mzee Waya alifunika uso kwa mikono yote miwili, akatikisika bila sauti. Inspekta alimwachia nafasi, akasogea hatua tatu, akatoa simu, akampigia sajenti wa mahabusu.

"Binti wa meza ya tano, mtoe. Ndiyo, sasa. Hapana, usisubiri saa nane, naandika mwenyewe. Mama yake yuko kwenye benchi hapo nje, anza na yeye." Alisikiliza. Sajenti alikwenda na kurudi. Binti alikuwa anauliza kitu kimoja: yule mama aliyepiga, ameshaambiwa kwamba gari lilitumwa? "Mwambie nakwenda kwake mimi mwenyewe, leo," alisema Inspekta, na hakuitamani hiyo safari hata kidogo.

Koplo alitokea mlangoni, kompyuta yake chini ya kwapa. Alishusha sauti alipomwona mzee.

"Bosi anauliza kama sasa anaweza kuizima, Afande. Imebaki giga kumi tu na anaogopa yasijirudie ya Jumanne. Sisi faili la wiki tunalo. Nimelifungua, lina sauti yote."

"Meza ya tatu umeichukua?"

"Haienei. Kompyuta yangu imebaki na nafasi ya rekodi moja, mbili. Na kusema kweli sheria hairuhusu. Orodha yake ninayo, na ule mstari wa kufagia nimeupiga picha. Mahakama itataka na mfano mmoja."

Inspekta alirudi kwenye ngazi. Hakukaa, goti lisingemruhusu kuinuka tena.

"Mzee. Bosi wako anawasha upya. Siwezi kumzuia, watu wanahitaji hiyo mashine."

"Najua."

"Nahitaji rekodi moja ya meza ya tatu iwe kielelezo. Isiyokuwa na mgonjwa ndani. Ipo?"

Alijibu papo hapo. "Tarehe kumi na tisa, mwezi wa tano, mwaka juzi. Saa nne asubuhi. Bibi kizee mmoja alipiga kuuliza leo ni siku gani, maana kila anayemuuliza anamjibu kwa hasira. Mwanangu akamwambia. Wakacheka. Akamwambia, bibi, piga na kesho nikwambie ya kesho. Ni dakika moja na nusu. Alikaripiwa kwa hiyo, nami nilikuwa miongoni mwa waliomkaripia."

Koplo aliiandika tarehe mkononi mwake, akarudi ndani. Walibaki wawili. Ilipita kitambo, kisha sauti ya Koplo ikasikika kutoka mwisho wa korido, ikimsomea meneja namba: asilimia arobaini na nne. Meneja akasema Mungu mkubwa. Ukumbini simu ziliendelea kulia na kupokewa.

Mzee Waya aliisikia namba hiyo. Midomo yake ilipiga hesabu ya kifundi, ilivyozoea, arobaini na nne kutoka tisini na nane, na alipopata jibu akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Inspekta aliweka mkono begani mwake, akauacha hapo, ingawa si utaratibu.

"Hiyo moja mliyoichukua," aliuliza baadaye, akiwa bado ameinama. "Itachezwa mahakamani?"

"Itachezwa. Mwendesha mashtaka ataitumia dhidi yako, kuonyesha kwa nini ulifanya uliyofanya."

"Nitakuwepo?"

"Wewe ndiye mshtakiwa, mzee. Lazima uwepo."

Alijifuta macho kwa kiganja, akasimama, akaliweka sawa shati lake. Kisha akamnyooshea Inspekta mikono yote miwili.

"Wataicheza mara ngapi?"